Tukilipia bomba, serikali inalipia nini?

"Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijiji kimoja nje kidogo ya Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Bomba letu la kupampu limekufa, sasa ni mwezi wa tatu. Kamati ya maji inataka kila nyumba itoe 5,000. Mwaka jana tulitoa, mweka hazina akasema hela ziliisha, karatasi hakuonyesha hata moja. Wanaume wengi wamekataa: bomba ni la serikali, serikali ilitengeneze. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, tulipomuuliza alicheka, akasema, 'Tangu kodi ya kichwa ifutwe, nyinyi wa kijijini mnalipa nini mpaka muidai serikali?' Tunachota bwawani pamoja na ng'ombe. Na shuleni, ambako tuliambiwa ni bure, mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu sijatoa mahindi na hela ya posho, ugali wa shuleni. Tukiendelea kulipa, si tunaizoesha serikali kukaa tu? Tusipolipa, anayeumia ni nani? Mpaka wa serikali na raia uko wapi?"

Mama, nimelisoma swali lako mara mbili. Ndani yake kuna la kodi, la bomba na la mweka hazina, na la shule umelibandika mwishoni kama kwamba ni dogo. Nitaanza na kile kicheko cha mwenyekiti, maana watu wakishaamini kwamba hawalipi kitu, hawana tena mdomo wa kuuliza lolote.

Mnalipa. Ukienda kwa wakala kutoa pesa za simu, serikali inakata asilimia 0.5 ya ulichotoa, mbali na ada ya kampuni. Ukiweka muda wa maongezi kwenye simu, ushuru umo ndani. Dizeli ya lori linaloleta sabuni kutoka Kampala imetozwa ushuru, na mwenye lori hakuubeba kwa mapenzi yake. Ameuingiza katika bei ya sabuni unayofulia nguo za watoto. Kodi ya VAT ni asilimia 18, na haikuulizi kama una namba ya mlipakodi au huna. Tofauti yake na kodi ya kichwa ni kwamba hii haikupi tikiti, ile stakabadhi ya kumwonyesha mtu kwamba umelipa. Inakatwa kimya kimya, ndiyo sababu mwenyekiti anaweza kucheka.

Halafu, hata kama usingelipa senti moja, haki yako haitoki kwenye risiti. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 1, inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Haisemi ya walipakodi. Kifungu cha 17 ndicho kinachoorodhesha wajibu wa raia, na kulipa kodi kumo. Lakini jirani yake katika orodha hiyo hiyo kuna wajibu wa kulinda mali ya umma, na wajibu wa kupambana na rushwa na ubadhirifu. Kwa hiyo unapomwambia mweka hazina alete karatasi, humchokozi. Unatimiza wajibu uliowekwa na katiba, sawa kabisa na kulipa kodi.

Hata hivyo mwenyekiti, bila kujua, amegusa jambo lenye ukweli.

Katika nchi hii, kwa miaka mingi, kijijini serikali ilimaanisha mtu anayekuja kuchukua. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka, na ukawaruhusu machifu kuwaita watu mwezi mzima kwa mwaka kulima barabara bila ujira. Kazi hiyo Waganda waliiita luwalo. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, iliyopimwa kwa mali ya mtu. Wazee wa kijijini kwenu wataikumbuka bila kubembelezwa: vizuizi barabarani, wanaume wanatoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika, asiye na tikiti anafungwa kamba. Ilipofutwa mwaka 2005, watu walishangilia na walikuwa na kila sababu. Mimi mwenyewe nilishangilia.

Ila kulikuwa na upande ambao hatukuuona siku ile. Kodi ile, pamoja na ukatili wake wote, ndiyo iliyokuwa ikilisha gombolola, ngazi ya serikali iliyo chini ya wilaya. Mkuu wa gombolola alihitaji hela yako ili mwaka uishe, na kwa kuwa aliihitaji, ungeweza kumuuliza, "Mbona daraja halijatengenezwa?" Kodi mbili zilizoletwa mwaka 2008 kuziba pengo, ile ya huduma za mitaa na ile ya hoteli, hazimgusi mkulima wa kawaida. Leo sehemu kubwa mno ya bajeti ya wilaya inatoka Kampala, tena mara nyingi imeshapangiwa kazi: hii ya mishahara, hii ya shule, hii ya maji. Afisa anayelishwa kutoka juu hutazama juu. Simtetei wala simlaumu, hivyo ndivyo mwelekeo wa hela unavyogeuza shingo ya mtu. Na raia naye, aliyeachiwa pumzi baada ya miaka ya kukimbizwa, akaona serikali sasa ni kama mvua, inanyesha au hainyeshi. Hapo katikati ndipo bomba lenu lilipofia.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe, kwa sababu mpaka unaouliza upo, na kwa upande wa maji ya vijijini umechorwa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Utaratibu wa Uganda ni huu: kuchimba kisima na ukarabati mkubwa ni kazi ya serikali, kupitia ofisi ya maji ya wilaya, ambayo hupata fungu lake kutoka serikali kuu. Matunzo ya kila siku na matengenezo madogo ni ya watumiaji wenyewe kupitia kamati yao ya maji. Kamati hizi si kitu kilichobuniwa na shirika fulani la wafadhili. Sheria ya Maji ya mwaka 1997 inazitambua. Kwa hiyo wanaume wanaosema "bomba ni la serikali" wamekosea nusu, na kamati inayokusanya hela bila kusema imevunjika nini imekosea nusu nyingine.

Swali la kwanza kabla ya kutoa shilingi yoyote: kimevunjika nini? Pampu nyingi za mkono vijijini Uganda ni zile za aina ya U2. Ukishusha mpini, mnyororo ulio kichwani mwa pampu unavuta fimbo za chuma zilizopita ndani ya mabomba mpaka chini kwenye silinda, na huko pistoni inayainua maji. Pistoni ina mipira inayokaba maji yasirudi. Mipira hiyo huchakaa, kama vile ndara zinavyochakaa. Mnyororo unataka grisi, beringi zinalegea, nati zinafunguka. Mkipampu mara ishirini ndipo maji yatoke, kisha yanatoka vizuri, aghalabu ni mipira, au bomba linavuja mahali. Hayo ni ya kwenu. Fundi wa pampu wa gombolola anaweza kuyamaliza kwa siku moja, na vipuri vyake si vya kuuza ng'ombe.

Lakini kama maji yalianza kuwa mekundu, yenye ladha ya chuma, kabla bomba halijafa, mabomba ya chini yanaweza kuwa yameliwa na kutu. Maeneo yenye maji ya asidi mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hayadumu, na kuyatoa yote na kuweka mengine ni kazi nzito. Au fimbo zimekatika na kuzama, au kisima kimejaa mchanga, au kinakauka kila kiangazi kwa sababu hakikuchimbwa kwa kina cha kutosha. Hayo si ya 5,000 za kila nyumba. Kijiji kikichangishwa kwa kazi hiyo kitachanga mpaka kichoke, na bomba litakufa tena baada ya miezi miwili. Hapo ndipo raia anapobeba mzigo wa serikali, na hapo hofu yako ya "kuizoesha" ni ya kweli.

Ongeza na hili: kisima kimoja cha pampu hupangiwa watu wapatao 300. Huko kwenu, ambako watu wamehamia kutoka kila upande wa nchi, na kambi ya wakimbizi iko jirani, nisingeshangaa kama wanaochota ni mara mbili ya hao. Hesabuni nyumba. Idadi hiyo peke yake ni hoja mbele ya wilaya ya kuomba kisima cha pili, tena ina nguvu kuliko malalamiko.

Hoja ya wanaume isipuuzwe, mama, hata kama inawachelewesha. Wanasema: tukijaza pengo, pengo litageuka kuwa kazi yetu. Nimeona ikitokea. Nimeona vijiji vilivyojenga nyumba ya mwalimu kwa nguvu zao, mwaka uliofuata wilaya ikakiruka kijiji hicho kwa sababu "wale wanajiweza". Kwa maoni yangu mfumo huu wa kamati za maji umeziachia jamii mzigo mkubwa kuliko walivyokubali waliouandika, hasa pale ambapo duka la vipuri liko mbali na fundi ni mmoja kwa gombolola nzima. Lakini kugoma kulipia mpira wa pistoni hakumfikii mtu yeyote Kampala. Hakuna afisa anayekunywa maji ya bwawa lenu. Mgomo wa namna hiyo unamchapa binti anayebeba jerikani, basi. Kama ni kugoma, gomeni kwenye jambo ambalo mwenye kulifanya atalisikia.

Nani basi asikie, na asikie nini? Hapa nitakupa kisa cha kweli kutoka nchi hii hii. Miaka ya 1990 serikali ilikuwa ikituma ruzuku kwa shule za msingi, hela ya chaki na vitabu kwa kila mwanafunzi. Watafiti walipofuatilia fedha za mwaka 1991 hadi 1995, shule hadi shule, walikuta kwamba kwa wastani katika kila shilingi 100 zilizotumwa, 13 tu ndizo zilizofika. Nyingi ziliishia kwa wakubwa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zilikuwa zikifika zaidi ya 80. Wapo wataalamu wanaosema si magazeti peke yake, kulikuwa na mageuzi mengine ya fedha wakati huo huo, na wana hoja. Lakini jambo moja halibishaniwi: mzazi asiyejua kiasi kilichotumwa hana njia ya kujua kilichoibwa.

Sitaki kukuuzia hilo kama dawa ya kila ugonjwa. Kuna jaribio lililofanywa katika vituo vya afya 50 kwenye wilaya 9 za Uganda, wanakijiji na wahudumu wakakaa pamoja, wakakubaliana nani afanye nini, kisha wakafuatiliana. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa thuluthi moja. Watu wakafurahi sana. Baadaye likafanywa jaribio kubwa zaidi la namna hiyo, vituo 376 katika wilaya 16, na upungufu ule wa vifo haukuonekana. Macho ya raia yanasaidia, ila hayatengenezi dawa ambazo hazikuletwa.

Na mahakama? Ipo. Mwaka 2011 kesi ilipelekwa Mahakama ya Katiba baada ya akina mama wawili kufa wakijifungua katika hospitali za serikali. Mahakama iliikataa kwanza, Mahakama ya Juu ikaagiza isikilizwe, na Agosti 2020 ndipo ikaamuliwa kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Ushindi mkubwa, nao ulichukua miaka tisa. Wewe una jerikani leo jioni.

Kwa hiyo, kama ningekuwa kijijini kwenu, ningefanya hivi. Ningemwita fundi wa pampu kwanza, nyumba chache zikichanga nauli yake na malipo ya kukagua, afungue aseme kwa maandishi tatizo ni nini. Kikiwa kidogo, tengenezeni kwa wiki hiyo hiyo, bila kusubiri wanaogoma. Kikiwa kikubwa, msichange hata shilingi ya ukarabati. Pelekeni karatasi ya fundi gombololani, pamoja na barua ya kijiji iliyosainiwa, na nakala kwa afisa wa maji wa wilaya na kwa diwani wenu. Wakati wa kupeleka ni muhimu. Bajeti za wilaya hupangwa mapema, kuanzia mikutano ya vijiji na miluka, yaani ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola, mpaka kongamano la bajeti la wilaya karibu na mwisho wa mwaka, wakati mwaka wa fedha huanza Julai. Ukiomba Juni, unaombea hela ambazo zimeshagawanywa.

Tena msimwachie mwenyekiti acheke bure. Gombolola ya kijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato ya ndani inayokusanya, ushuru wa soko, leseni na mengine, na robo ya hiyo inapaswa kurudi kwenye vijiji. Mwulizeni kwa upole mbele ya mkutano: mwaka jana kijiji chetu kilipokea kiasi gani? Huenda ni hela ndogo ya aibu. Huenda hata yeye hajaiona. Hapo mnaweza kupanda naye gombololani, na mtu aliyekuwa akiwacheka anaweza kuwa mwenzenu.

Mweka hazina sasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijawahi kuona kijiji kilichouthibitisha msemo huo vizuri kama kamati za maji. Huenda hela aliila. Huenda pia ilitumika kweli, ila hakuna aliyemfundisha kuandika. Sijui ni lipi, na wewe pia hujui. Ndiyo maana usianze na neno mwizi. Mwambieni alete hesabu kwenye mkutano wa kijiji, siku iliyotangazwa. Akishindwa, mbadilisheni, kamati huchaguliwa na watumiaji. Mpya iwe na akina mama wa kutosha, maana nyinyi ndio mnaojua siku bomba lilipoanza kukohoa. Na acheni kuchanga kama mnachangia matanga, yaani kusubiri kifo ndipo mpitishe kofia. Nyumba 60 zikitoa 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 720,000. Iwekwe kwenye sanduku la kikundi cha akiba lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, kila shilingi ikiandikwa na kusomwa kwa sauti.

Najua kijiji cha watu mchanganyiko kina ugumu wake. Kwa Waganda, bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha njia na visima, ilishikiliwa na aibu ya ukoo: ukikosa kwenda, baba yako mdogo atasikia. Kwenu Mwacholi yuko jirani na Mlugbara, Mwaluru na Mkiga, na hakuna mjomba wa kumwonea mwenzake aibu. Kwenu daftari ndilo litakalofanya kazi ya ukoo. Asiyetoa msimnyang'anye mbuzi wala sufuria. Kodi nchini huwekwa kwa sheria ya Bunge, na kamati ya maji haina mamlaka ya kukamata mali ya mtu. Mkitaka mchango uwe na meno, ombeni baraza la gombolola lipitishe sheria ndogo. Mjane au mzee asiyeweza, msameheni hadharani na muandike kwamba mmemsamehe.

La shule ni fupi. UPE, mpango wa elimu ya msingi bure, ilipoanza mwaka 1997 ilifuta ada, haikufuta wajibu wa mzazi. Katiba, kifungu cha 34, inasema elimu ya msingi ni jukumu la serikali na wazazi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaacha chakula, mavazi na malezi kwa mzazi. Kwa hiyo mahindi, ndiyo, ni yako, iwe kwa kufunga chakula nyumbani au kwa kuchangia chungu cha shule. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza shule ya UPE kutoza malipo ya masomo, na michango inayoruhusu ni ya hiari. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa deni la posho ni kulifanya la hiari kuwa ada. Nenda umwone mwalimu mkuu wewe mwenyewe, bila hasira, umwambie utamfungia mtoto chakula. Akikataa, panda kwa kamati ya uendeshaji wa shule, kisha kwa afisa elimu wa wilaya. Mtoto arudi darasani kesho, mabishano yaendelee bila yeye.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliyatoshi. Mtoto akiharisha, akiwa na homa isiyokwisha au kukojoa damu, mpeleke kituo cha afya cha serikali siku hiyo. Ada ya matibabu huko ilifutwa mwaka 2001. Mpaka bomba lipone, maji ya bwawa yachemshwe mpaka yatokote. Ikithibitika hela za watu wengi zimeliwa, au afisa anadai kitu kidogo ili barua yenu isonge, nenda na vielelezo polisi au ofisi iliyo karibu ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayeshughulikia rushwa, na usiende peke yako. Na mkisikia kuna baraza la serikali linakuja wilayani, yale yanayoitishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu tangu mwaka 2009 ili maofisa waeleze fedha zilivyotumika, chagueni mtu mmoja mwenye sauti, mpeni swali moja tu, lenye tarehe na kiasi.

Barua chapeni nakala mbili. Moja waacheni nayo gombololani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa hapo hapo mkiwa mmesimama, mrudi nayo nyumbani.